Bunduki Ile Ile, Risasi Tofauti

SANYU: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Kampala, mvua imetufungia ndani. Afande, nimekuletea karatasi mbili za shabaha kutoka kwa jamaa wa klabu. Bunduki moja, mpigaji mmoja, mita 100. Hii, matundu yote matano unayafunika kwa kizibo cha soda. Hii nyingine, labda kwa chapati ya roleksi, ile inayoviringishwa na mayai.

AFANDE: Unatia chumvi. Nusu chapati. Ukamlaumu nani?

SANYU: Mpigaji, nani tena?

AFANDE: Ndiyo kawaida. Mimi nikiwa kuruta nililaumu kilengeo. Nikakizungusha asubuhi nzima, kushoto, kulia, wapi! Mwalimu akaniacha nihangaike mpaka saa sita, ndipo akaniambia niokote maganda nitazame vitako vyake. Alama hazifanani. Nilikuwa napiga risasi za katoni mbili zilizochanganywa.

SANYU: Lakini kipenyo si ni kile kile? Imeingia, imetoka.

AFANDE: Utotoni ulicheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba?

SANYU: Sana. Kaka zangu walinivunjia tatu.

AFANDE: Pia fupi nene inasimama hata ukiizungusha kivivu. Ndefu inataka kasi, la sivyo inayumba. Sasa, risasi za kipenyo kimoja, nzito ndiyo ndefu. Na anayeizungusha ni mtutu, kwa ile mifereji iliyopinda ndani yake. M16 za mwanzo, zile bunduki za jeshi la Marekani, zilizungusha risasi mara moja kila inchi 14. Kwenye baridi kali hewa ni nzito, risasi zikayumba, wakashusha hadi inchi 12. Miaka ya 1980 wakaja na risasi ndefu zaidi, ya greni 62, yaani gramu 4 hivi, badala ya 55. Mtutu wa M16A2, toleo jipya la bunduki hiyo, ukawa unazungusha mara moja kila inchi 7. Ukiiweka ile ya 62 kwenye mtutu wa zamani, karatasini unaweza kuona tundu refu kama la ufunguo. Imeingia ubavu.

SANYU: Haya. Ila jamaa yangu anasema risasi zake zote mbili zina uzito mmoja.

AFANDE: Basi tazama baruti. Umewahi kukaa karibu na mpiga adungu, kile kinubi chetu? Akigusa waya, unauona unacheza. Mtutu nao unacheza hivyo risasi ikipita ndani.

SANYU: Chuma, Afande?

AFANDE: Chuma. Jicho halioni, lakini mdomo unapanda na kushuka. Baruti hii inaitoa risasi mdomo ukiwa umetulia juu kabla haujageuka, ile inaitoa mdomo ukiwa mbioni. Ya kwanza itakupa kizibo chako.

SANYU: Na ya pili roleksi.

AFANDE: Nusu roleksi. Halafu kuna kasi. Kiwandani baruti ikipimwa ovyo, risasi moja inatoka mbio, nyingine imechelewa. Mita 100 huenda usijue. Peleka mita 300 uone: matundu yanajipanga wima kama foleni ya benki, kwa sababu iliyochelewa imeanguka zaidi. Jua nalo limo. Acha katoni juu ya boneti ya gari kule Karamoja mchana, baruti ikipata moto inaungua kwa nguvu zaidi, risasi zinapanda juu ya pale ulipolenga asubuhi.

SANYU: Kwa hiyo nimwambie anunue za bei ghali tu.

AFANDE: Mwambie anunue katoni mojamoja za aina kadhaa, apige risasi tano tano za kila aina, asiguse kilengeo. Akipata inayopendwa na mtutu wake, achukue nyingi zenye namba ile ile ya toleo. Ndipo arekebishe kilengeo. Ngoja kwanza, hii ya kizibo ndiyo katoni gani?

SANYU: Ya bei rahisi.

AFANDE: Na ulikuwa umeificha!

SANYU: Nilitaka kwanza nikusikie ukiisifu ile ghali.