Neno la Wiki: "Sanction", Idhini au Adhabu?

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, katika kipindi chetu cha kujifunza neno moja la Kiingereza. Mwalimu, shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, dada yangu. Nimeambiwa kwamba neno la leo umelichagua wewe mwenyewe.

DADA: Nimelichagua kwa sababu liliwahi kunitia katika kosa ambalo bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri barua iliyoandikiwa kikundi cha akina mama waliokuwa wameomba fedha za kuchimba kisima, na ndani yake palikuwa na sentensi hii: "The committee has sanctioned the expenditure." Neno hilo nililijua kutokana na taarifa za habari tu, kwa hiyo niliandika kwamba kamati imeyawekea matumizi hayo vikwazo. Akina mama wale walirudi nyumbani wakiamini kuwa wamenyimwa, ilhali fedha zilikuwa zimekubaliwa.

MWALIMU: Pole sana. Wengi hukwama papo hapo, kwa kuwa "sanction" hubeba maana mbili zinazopingana, yaani kuidhinisha jambo na kumwadhibu aliyekosa, na kamusi huziweka zote mbili chini ya kidahizo kimoja, yaani neno moja linalofafanuliwa.

DADA: Wenye lugha yao wanawezaje kuelewana kwa neno la namna hiyo?

MWALIMU: Kama tunavyoelewana sisi kwa kitenzi "azima". Mtu akisema "nimeazima baiskeli kwa jirani", tunajua kwamba amechukua. Akisema "niazime baiskeli yako", tunajua kwamba anaomba apewe. Kitenzi ni kile kile, lakini kiambishi cha mtendwa, yaani "ni-" ya "niazime", na lile neno "kwa" hutuonyesha baiskeli inatoka wapi na inakwenda wapi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutaabika hapo, na sisi hatuna hata habari kwamba pana ugumu.

DADA: Mfano huo umenifungua macho. Basi tuanzie kwenye asili ya neno lenyewe.

MWALIMU: Asili yake ni Kilatini, kitenzi "sancire", chenye maana ya kukifanya kitu kiwe kitakatifu au kukithibitisha kwa nguvu ya sheria, na ni ndugu wa "sanctus", yaani mtakatifu. Sheria ya Kirumi ilikuwa na kifungu kilichoitwa "sanctio", ambacho kilieleza adhabu itakayomfika mtu atakayeivunja sheria hiyo. Hapo ndipo njia zilipoachana: kuithibitisha sheria ni kuipa idhini, lakini kinachoipa makali ni ile adhabu iliyoambatanishwa nayo. Mimi naona maana hizi mbili ni watoto wa mama mmoja, na anayekumbuka hivyo hatazisahau.

DADA: Katika habari, hata hivyo, mimi husikia upande wa adhabu peke yake.

MWALIMU: Kwa sababu katika habari neno hilo huja likiwa nomino ya wingi, "sanctions", na hapo kwa kawaida maana yake ni vikwazo. Italia ilipoivamia Ethiopia mwezi Oktoba 1935, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliiwekea vikwazo vya kiuchumi vilivyoanza tarehe 18 Novemba mwaka huo. Mafuta hayakuwemo katika orodha ya bidhaa zilizozuiwa, na Mfereji wa Suez haukufungwa, kwa hiyo majeshi ya Italia yaliendelea kupita; Addis Ababa ilitekwa Mei 1936, na vikwazo vikaondolewa Julai. Nasema kwa uchungu kwamba neno lile zito lilibaki bila ile adhabu ambayo Warumi waliikusudia.

DADA: Nasi wa ukanda huu tunakumbuka Burundi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha na kuiwekea vikwazo ambavyo vilisitishwa Januari 1999. Wasikilizaji wengi wa redio waliizoea "vikwazo vya kiuchumi" kuwa tafsiri ya neno hili katika miaka ile, nami nilikuwa miongoni mwao.

MWALIMU: Na tafsiri hiyo ni sahihi kwa nomino ya wingi. Kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu, nami huwaambia wanafunzi wangu watazame kilichotendwa. Ukiambiwa "they sanctioned the sale", kilichotajwa ni tendo, na maana yake ni kwamba mauzo yaliidhinishwa. Ukiambiwa "they sanctioned the seller", aliyetajwa ni mtu, na maana yake ni kwamba muuzaji aliadhibiwa. Kanuni hii haikingi kila kosa, lakini inasaidia mara nyingi. Matumizi ya kitenzi kwa maana ya kuadhibu ni ya karibuni, yaani ya karne ya 20, wakati maana ya kuidhinisha ilikwisha kuwapo tangu karne ya 18.

DADA: Na nomino ya umoja?

MWALIMU: Hiyo huenda pande zote. "With the sanction of the court" ni kwa idhini ya mahakama, lakini "a severe sanction" ni adhabu kali. Kivumishi "unsanctioned" kwa kawaida hakina utata: ni jambo lisilo na kibali. Na ukisoma barua ya benki ya India inayoitwa "sanction letter", usiogope, kwa kuwa inasema mkopo umekubaliwa.

DADA: Je, mtu anayeandika Kiingereza ofisini alitumie neno hili?

MWALIMU: Kama anaandikia watu ambao maisha yao yanategemea jibu, namshauri aandike "approve" anapokusudia kuidhinisha, na "impose sanctions on" anapokusudia kuweka vikwazo. Aliyeandika barua ile ya kisima angewaondolea akina mama wale huzuni yote kwa neno moja jepesi.

DADA: Niliporudi kwao wiki iliyofuata nikiwa na tafsiri mpya, niliandika hivi: "Kamati imeidhinisha matumizi ya fedha mlizoomba." Mwenyekiti wao aliniomba niisome mara tatu.