Anzeni na Makutano, Mstari Uje Baadaye: Njia za Baiskeli kwa Mji kama Morogoro

Waheshimiwa madiwani, ndugu wahandisi, viongozi wa vijiwe vya bajaji na bodaboda, na ninyi mnaoendesha baiskeli kila siku: habari za asubuhi.

Mji ukitaka kuonekana unajali baiskeli, mara nyingi huchora mstari mweupe pembeni ya barabara kubwa, kilomita mbili au tatu, picha zikapigwa. Muda si mrefu mstari huo unajaa magari yaliyoegeshwa. Hata Barabara ya Morogoro kule Dar es Salaam ilijengewa njia za baiskeli pamoja na mabasi yaendayo haraka yaliyoanza huduma 2016, na kila anayepita anajua nani anazitumia sasa. Hoja yangu leo ni kwamba kwa mji wa ukubwa wetu, fedha ya kwanza isiende kwenye mstari. Iende kwenye makutano, kwenye mitaro na kwenye njia za mkato zilizokatika. Mzazi hamkatazi mtoto baiskeli kwa sababu ya kilomita tatu mbovu kidogo. Anamkataza kwa sababu ya sehemu moja ya hatari.

Jambo hili si geni hapa. Miaka ya 1990 Morogoro, Temeke, Eldoret na Nairobi ziliingizwa kwenye majaribio ya usafiri usiotumia injini, chini ya mpango wa sera za usafiri wa Afrika uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia. Kati ya yaliyojaribiwa ni vivuko vilivyoinuliwa juu ya uso wa barabara mfano wa tuta bapa, na mpaka leo sijaona kitu cha bei ile kinachopunguza mwendo wa magari vizuri zaidi.

Kabla ya mchoro wowote, mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu za Dar es Salaam, Iringa na Dodoma zinazokutana pale Msamvu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu wa taifa. Mitaa ya ndani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Kwenye barabara kuu Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachotafutwa ni ridhaa. Mitaani ni kinyume chake: ridhaa ni rahisi, nafasi ndiyo finyu. Njia inayotoka Kihonda kuelekea sokoni inagusa pande zote mbili, na barua zote mbili ziandikwe kabla ya kutangaza zabuni.

Kisha hesabuni. Watu wawili kila kituo, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku moja ya kawaida na siku moja ya soko, mkiandika kila dakika 15. Msihesabu baiskeli tu. Tenganisheni wanawake, wanafunzi, waliobeba mzigo, na wanaopita upande usio wao. Hao wa mwisho wana habari kubwa: wakiwa wengi mahali fulani, maana yake hapo hakuna pa kuvukia, na mtu ameona heri apite kinyume mita 200 kuliko kuvuka mara mbili.

Upana. Mtu na usukani wake hawazidi sentimita 75, lakini baiskeli za mji huu zinabeba madumu, magunia ya mkaa na matenga ya nyanya, na mzigo ukining'inia pande zote unafika mita moja. Njia ya kwenda upande mmoja iwe mita 2 zilizo wazi, ili mwenye haraka ampite mwenye mkaa. Ya pande mbili iwe mita 3. Mita 1.2 ninazoziona kwenye michoro mingi hazimfai yeyote: aliyebeba mzigo atarudi barabarani, na aliye nyuma yake atamfuata.

Sasa makutano, na hapa niruhusuni nikae. Tunaendesha kushoto. Lori linatoka nyuma, linakata kushoto kuingia mtaani. Baiskeli iko kushoto kwake, inanyoosha. Dereva hamwoni, kwa sababu kona imekatwa kwa nusukipenyo cha mita 10 au zaidi na hana sababu ya kupunguza mwendo. Rudisheni kona iwe na nusukipenyo cha mita 4 hadi 5. Malori yatapitaje? Wekeni ukanda wa mawe uliopanda kidogo kwenye ile kona, tairi la nyuma la lori lipande juu yake, gari dogo likwepe. Halafu njia ya baiskeli ivuke mdomo wa mtaa juu ya kivuko kilichoinuliwa: kimo sentimita 10, mteremko wa mita 1 kila upande, sehemu bapa mita 4. Kiingizeni ndani ya mtaa kama mita 5 kutoka ukingo wa barabara, ili gari lililokwisha kukata kona lisimame bila kuacha mkia barabarani.

Vivuko hivi huharibika kwa njia mbili. Fundi akifupisha mteremko ukawa sentimita 40, bodaboda wanatafuta pa kuzungukia, na pa kuzungukia ni pale anaposimama mwenda kwa miguu. La pili ni maji: kivuko kinageuka bwawa wakati wa masika. Bomba dogo chini yake huziba mchanga mvua ya kwanza tu. Afadhali acheni mtaro upite wazi na mfunike kwa vibao vya zege vinavyoinuliwa na watu wawili wakati wa kusafisha. Mkitumia nondo badala ya zege, zilale kukingama njia. Tairi la baiskeli ya inchi 28 lina upana wa kama sentimita 4, na upenyo kati ya nondo ukielekea mbele unalimeza.

Tukija kwenye uso wa njia, lami ni laini zaidi, ila pevingi, yaani tofali za zege zilizopangwa, inafumuliwa na kurudishwa mamlaka ya maji ikija kuchimba, nayo itakuja. Kwa kilomita moja yenye upana wa mita 2, tofali za sentimita 20 kwa 10 ni 100,000, ongezeni 3,000 za kuvunjika. Mchanga wa kulazia, milimita 30, ni mita za ujazo 60. Moramu, ule udongo wa changarawe wa kutandika chini, ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 300, hivyo agizeni kama 390 iliyo legevu. Mawe ya ukingo ya mita moja ni 2,000, na hayo ndiyo mkandarasi hupenda kuyapunguza. Bila ukingo tofali zinatawanyika pembeni, kisha katikati. Mkandarasi mwingine husawazisha moramu kwa kumwaga mchanga mwingi juu. Masika ikiisha njia ina mabonde. Inamisheni njia sentimita 4 kuelekea mtaroni.

Vijiwe. Bajaji ina upana wa takribani mita 1.3, kwa hiyo nguzo za kuzuia magari kwenye mdomo wa njia zikiacha uwazi wa mita 1.2, bajaji haipiti na mwenye mkaa anapita. Hesabu hii hukosewa kila mara. Nguzo moja ya sentimita 15 katikati ya njia ya mita 3 inaacha zaidi ya mita 1.4 kila upande: bajaji hiyoo. Nguzo mbili zinaacha sentimita 90: mkaa umekwama. Punguzeni mdomo uwe mita 2.55, kisha nguzo moja. Pikipiki haizuiliki kwa nguzo, tusidanganyane. Inazuiliwa na makubaliano na viongozi wa vijiwe, na kijiwe kilichochorwa rasmi hatua chache kutoka kituo cha daladala. Vivyo hivyo mama lishe na machinga: wasipopewa nafasi kwenye mchoro, wataichukua kwenye njia.

Kuegesha ni jambo dogo. Bomba la inchi 2 lililokunjwa mfano wa mlango, kimo sentimita 75, limezamishwa sentimita 30 kwenye zege, mita moja kati ya moja na jingine. Kila moja inabeba baiskeli mbili. Vile vibanio vya tairi la mbele vinapinda rimu, acheni.

Mwisho, fagio. Mchanga wa mvua hukusanyika kwenye kona ya ndani, pale pale baiskeli inapolala. Wekeni kifungu cha kufagia na kukata matawi kwenye bajeti ya matengenezo ya mwaka huu huu wa ujenzi.

Ramani ya kata zenu iko pale mezani. Kwa kalamu nyekundu, kila mmoja aweke alama mahali anaposhuka na kuisukuma baiskeli. Baada ya hapo tuchukue maswali.