Sindano ya Buba na Tunguri ya Mganga

Mabibi na mabwana,

Ushindani wa mganga na daktari katika Tanganyika ya Waingereza unaeleweka vizuri zaidi tukianza na buba. Buba huwashika zaidi watoto wa vijijini penye joto na unyevunyevu. Huanza na vidonda vya ngozi, na ukiachwa hula mifupa. Miaka ya 1920 ikaja sindano ya bismathi, dawa ya metali. Ilidungwa kwenye msuli wa tako, ikarudiwa kwa wiki kadhaa. Iliuma sana, na ikizidi iliacha mstari wa buluu kwenye fizi na kudhuru figo. Lakini vidonda vilikauka upesi, na watu wakafurika.

Tatizo likazaliwa hapohapo. Ngozi ikishakauka, mzazi hakuona sababu ya kumrudisha mtoto achomwe tena. Vijidudu vilivyosalia vikazaana, buba ikarudi. Kuuita huo ujinga ni kuwaonea: mzazi aliipima dawa kwa alichokiona kwa macho. Wala dawa ya kupitia ngozini haikuwa ngeni kwake. Mganga alikuwa akichanja chale kwa wembe, kisha anasugua unga wa dawa palepale damu inapotoka. Mtu huyohuyo alipeleka buba kwa daktari, na maradhi aliyohisi ametupiwa akayapeleka kwa mganga.

Serikali haikuhangaika sana na mizizi. Iliyoikamia ni ramli. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilifanya kosa kumtaja mtu kuwa mchawi, na kosa kukutwa na vifaa vya uchawi. Sasa tazameni kazi ya mganga ilivyopangika: kwanza anapiga ramli kujua maradhi yametoka wapi, ndipo anakwenda kuchimba dawa. Hatua ya kwanza tu, tayari anakaribia jinai! Na askari akiingia kilingeni, atatofautishaje tunguri ya dawa ya tumbo na tunguri ya kulogea? Mkuu wa wilaya aliweza hata kumwamuru mshukiwa akaishi mahali alipopangiwa.

Katika Kiswahili mganga ni adui wa mchawi. Ndiye anayeagua alichofunga mwenzake. Sheria iliwatia kapu moja, na hilo liliwaumiza waganga kuliko sindano yoyote.

Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, mganga akapata njia ya kusajiliwa. Ile ya 1928 haikufutwa. Imo vitabuni, Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania.