Nani Akae Juu? Kuwapima Magwiji wa Besiboli

Ndugu zangu, muulizeni shabiki wa besiboli wa Marekani nani bora wa zama zote, na wengi watamtaja Babe Ruth kabla hamjamaliza swali. Wana haki. Kati ya 1914 na 1935 aliupeleka mpira nje ya uzio mara 714, mpigo wanaouita homurani. Na kabla ya kuwa mpigaji wa kutisha alikuwa mrushaji aliyeshinda mechi 94. Ni kama mfungaji bora wa ligi ambaye kwanza alikuwa kipa hodari.

Lakini katika miaka yote hiyo, ligi kuu haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Haikuandikwa popote kwamba ni marufuku. Wenye timu walikubaliana tu, na ikawa hivyo. Basi tukisema Ruth aliwashinda wote, tujiulize: wote akina nani?

Wachezaji weusi walikuwepo, wakicheza katika Ligi za Weusi. Mmoja ni Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, mtu mwenye nguvu za ajabu mikononi. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, Jackie Robinson akaingia uwanjani Brooklyn na jezi ya Dodgers, na mlango ukafunguka. Miezi mitatu tu! Nimelisimulia hili mara nyingi, na bado nikifika hapa koo hunikauka.

Mei 2024 ligi kuu ilizitambua rasmi takwimu za Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948. Wastani wa Gibson ukatangazwa kuwa .372, yaani mipigo salama 372 katika kila majaribio 1,000. Akampita Ty Cobb, aliyekaa kileleni miaka mingi kwa .367.

Wapo wanaolalamika kwamba Gibson alicheza mechi chache mno. Ni kweli, misimu ya ligi zile ilikuwa mifupi. Ila timu zilizunguka nchi nzima kwa basi kutafuta kiingilio, zikicheza mechi nyingi nje ya ratiba, na hizo hazihesabiwi. Kumpunguzia Gibson alama kwa sababu hiyo ni kumtoza faini kwa kufungiwa mlango.

Aliyelielewa hili mapema ni Ted Williams, mpigaji wa Boston. Naye alipoteza misimu mitatu kamili, 1943 hadi 1945, kwa Vita Kuu ya Pili, kisha sehemu kubwa ya 1952 na 1953 kwa vita vya Korea. Hata hivyo alimaliza na homurani 521. Siku aliyoingizwa katika Jumba la Mashujaa kule Cooperstown, mwaka 1966, alisimama akaomba Satchel Paige, mrushaji wa Ligi za Weusi, na Josh Gibson nao wapewe nafasi humo. Hakuna aliyemlazimisha. Paige aliingia 1971, Gibson 1972.

Kuna pia ubishi wa kung'ara kwa muda mfupi na kudumu miaka mingi. Mrushaji Sandy Koufax alistaafu na miaka 30 kwa ajili ya kiwiko, akiwa hakuna anayemgusa. Mpigaji Hank Aaron alidumu: ukimwondolea homurani zake zote 755, bado anabaki na mipigo salama 3,016. Mimi humtanguliza Aaron, kwa sababu kudumu nako ni kipaji.

Mkitaka orodha yangu, wa kwanza ni Willie Mays. Alianzia Ligi za Weusi, akiwa na Birmingham Black Barons, akahamia ligi kuu 1951, jeshi likamchukua karibu misimu miwili, na bado akapiga homurani 660, huku akidaka mipira kule nyuma uwanjani kwa ustadi kuliko yeyote niliyewahi kumtazama kwenye filamu za zamani. Ruth ni wa pili. Gibson nimemweka wa tatu, kwa penseli, na kila nikiifungua karatasi ile natamani kumpandisha.