Bahasha Haisukumwi

Ndugu zangu wafasiri, niwaanzie na aibu yangu. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipewa hotuba ya mhandisi mmoja Mwingereza, niigeuze Kiswahili isomwe mbele ya wageni hapa Dar es Salaam. Aliwasifu mafundi wake kwamba wana-"push the envelope". Nikaandika bila wasiwasi: "Mafundi wetu wamezoea kusukuma bahasha."

Mnacheka! Na ukumbi nao ulicheka hivyo hivyo. Mjini hapa bahasha ikisukumwa juu ya meza ya mtu, hatuulizi ndani mna nini.

Kamusi haikunidanganya. Ni bahasha kweli, ila si ya posta. Wahandisi wa ndege huchora mstari kwenye grafu: kasi upande huu, kimo upande ule. Ndani ya mstari, ndege iko salama. Ukienda polepole mno, mabawa hayaibebi. Ukizidisha mno, inaweza kuvunjikia huko huko angani. Mstari huo ndio bahasha yenyewe, na kazi ya rubani wa majaribio ni kuusogeza mbele kidogo kidogo; ndiko ku-"push the envelope". Chuck Yeager, rubani wa majaribio wa Marekani, alipoipita kasi ya sauti, tarehe 14 Oktoba 1947, akiwa na ndege ya Bell X-1, hakukurupuka. Alikuwa ameruka safari baada ya safari, kila mara akiongeza kidogo. Usemi ukabaki kwa marubani mpaka kitabu cha Tom Wolfe, The Right Stuff, cha mwaka 1979, kilipousambaza. Leo hata muuza sabuni anao.

Sasa tuseme nini? Wengi hukimbilia "kuvuka mipaka". Jamani, hapana. Kwetu mtoto akivuka mipaka anaitiwa wajomba! Mwingereza anasifu, sisi tunakemea. "Kupanua wigo" inakaribia, maana wigo asili yake ni ua uliozungushiwa boma. Lakini imechakaa: kila bajeti tunapanuliwa wigo wa kodi, na sijasikia aliyeanguka nao kutoka angani.

Mimi siku hizi naandika "kusogeza wigo". Hapo namwona mtu anang'oa nguzo ya ua, anaichimbia hatua moja mbele, anarudi kushika nyingine, na huko nje fisi wanalia. Ila kama msemaji ni yule muuza sabuni, mwandikieni "kuthubutu" tu. Huyo hana fisi.