Wastani haupandi daladala

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Ngamiani, Tanga

Shikamooni wakubwa. Mlionisikia mwaka jana nivumilieni, narudia yale yale kwa kuwa hakuna aliyeyafanyia kazi.

Ukiuliza habari za shule za msingi Dar es Salaam, unapewa jedwali la mistari mitano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni. Shule kadhaa, wanafunzi kadhaa, gawanya, chukua wastani wako. Mimi jedwali hilo silitaki. Mpwa wangu alikuwa akikaa Gongo la Mboto, anasoma katikati ya jiji. Kote huko ni Ilala! Kwenye jedwali mtoto hajatoka wilayani kwake. Kumbe saa kumi alfajiri yuko macho.

Nililala kwao, asubuhi nikamsindikiza. Daladala ya kwanza, konda kaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Nao wako kumi na mmoja. Ya pili haikusimama. Ya tatu, konda anazitazama sare kama mtu aliyepewa noti bandia. Simlaumu sana, mwanafunzi analipa shilingi 200, na tajiri anangoja hesabu yake jioni. Tumepanda ya tano. Mtoto kasimama, begi kalikumbatia, kalala wima. Wima, jamani, kama punda wa mzigo! Tunafika, kengele imeshagongwa, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo.

Mzee pale anatikisa kichwa: si asome karibu? Alianzia hapo karibu, baba. Wengine wanaingia asubuhi, wengine mchana, dawati moja watoto wanne. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 watoto walimiminika, na heri wamiminike. Ila watu wanajenga Chanika, pembezoni mwa Ilala, kwenye viwanja wanavyovimudu, na shule za zamani zimebaki Kariakoo, ambako nyumba zimegeuka maduka.

Msicheke. Leo mtoto wa Makorora, hapa hapa Tanga, anakwenda shule kwa miguu, au kapakiwa kwenye baiskeli. Nyie mnaojenga Pongwe, kule pembezoni mwa jiji letu, mliuliza darasa la kwanza lina watoto wangapi kabla ya kulipia kiwanja?

Vyoo, haraka haraka: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa wavulana 25. Kahesabuni wenyewe. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka nilitaka kuichambua, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na alasiri imeshaadhiniwa. Walimu wakuu tuonane hapo nje na daftari zenu za mahudhurio. Nataka wachelewaji, na kila mmoja anatoka mtaa gani.