Ndugu Wawili Chini ya Paa Moja: Mhadhara Kuhusu Kulea Watoto wa Mbwa wa Uzao Mmoja

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie iwapo inafaa mtu achukue watoto wawili wa mbwa waliozaliwa pamoja na kuwalea katika nyumba moja. Nitatoa jibu langu mapema ili msikae mkilisubiri. Mwenye uhuru wa kuchagua achukue mmoja, amlee hadi akomae na kutulia, ndipo afikirie wa pili. Aliyekwisha kuwachukua wawili hana sababu ya kukata tamaa, mradi akubali kwamba anachopaswa kufanya ni kulea mbwa wawili, kila mmoja kwa nafsi yake, ambao imetokea tu kwamba wanaishi chini ya paa moja.

Sababu zinazowafanya watu wachukue wawili zinaeleweka. Mtu huenda kuchagua mmoja, akawakuta wawili wa mwisho wamelala wakiwa wamelaliana, akaona ni ukatili kuwatenganisha. Mwingine hupiga hesabu: mchana kutwa sipo nyumbani, basi wawili watafarijiana, na mimi nitapunguziwa usumbufu. Huruma ya yule wa kwanza siigombi, ila hesabu ya huyu wa pili ndiyo ninayotaka kuipinga, kwa sababu watoto wawili wa mbwa wakiachiwa wafarijiane mchana kutwa hufanya hivyo vizuri kupita kiasi, na kila faraja ambayo mmoja anaipata kwa nduguye ni faraja ambayo hakuhitaji kuitafuta kwa binadamu.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kutazama umri wenyewe. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi nani wa kumwamini na kipi si cha kuogopwa huanza takriban wiki ya 3 baada ya kuzaliwa, macho na masikio yakiwa yamefunguka, nacho hufifia kati ya wiki ya 12 na ya 14. Kwa kuwa mtoto hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya wiki ya 8, anayemchukua kwa wakati unaofaa hubakiwa na wiki nne hadi sita tu za kipindi hicho. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watoto wa mbwa walilelewa na mama zao katika viwanja vilivyozungushiwa uzio, bila kukutana na binadamu, isipokuwa wale waliotolewa kwa wiki moja katika umri mbalimbali ili wazoeshwe watu. Wale ambao hawakuzoeshwa hadi wiki ya 14 waliwakwepa watu na wakabaki wagumu kuzoea hata walipofanyiwa jitihada. Ninachowaomba mkizingatie ni kwamba watoto wale hawakuwa wapweke. Walikuwa na mama, walikuwa na ndugu wa kucheza nao kutwa, na yote hayo hayakuwasaidia kumzoea binadamu.

Ndani ya nyumba zetu hali haifiki huko, lakini mwelekeo ni uleule. Mtoto mmoja wa mbwa akiingia nyumba ngeni hana wa kumkimbilia ila wewe. Wakiingia wawili, kila mmoja ana wa kumkimbilia, naye anazungumza lugha yake na hachoki. Wiki chache baadaye mlezi huona dalili ambazo mwanzoni hufurahisha: hawaachani, wanalala pamoja, mmoja akienda mlangoni wa pili anafuata. Kisha siku inafika ambapo mmoja anapaswa kupelekwa peke yake kwa daktari wa mifugo, na yule anayebaki analia, anakwaruza mlango, anakataa chakula, huku yule aliyeondoka akitetemeka mbele ya daktari. Mara nyingi mmoja huwa ndiye mwenye uthubutu na mwingine hujificha nyuma yake, na huyu wa nyuma huonekana mtulivu tu hadi siku anapomkosa nduguye. Hapo ndipo hubainika kwamba hakuwahi kujifunza kukabili jambo lolote mwenyewe.

Wakufunzi wengi wa mbwa huliita tatizo hili ugonjwa wa ndugu wa uzao mmoja. Jina hilo silipendi. Si utambuzi wa kitabibu, na wala si kila jozi ya ndugu hupatwa na hali hiyo. Isitoshe, linafanya watu waamini kwamba kosa liko katika damu. Watoto wawili wa mbwa wa umri mmoja, hata wawe wametoka kwa mama tofauti, wakilelewa kwa namna ileile huweza kuishia palepale, ilhali ndugu wa kweli waliolelewa kwa uangalifu huweza kukua wakawa mbwa imara wanaopendana. Kinacholeta tatizo ni makuzi, na makuzi yamo mikononi mwetu.

Tuingie basi katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kulala. Kila mmoja awe na kizimba chake tangu mwanzo. Usiku wa kwanza vizimba viwe karibu kiasi cha wao kuonana na kunusana, kwa maana wameshampoteza mama na hakuna faida ya kuwaongezea hofu. Kisha kila baada ya siku chache vitenganishwe kidogo, hadi mwishowe kila mmoja alale bila kumwona mwenzake. Chakula nacho kiwe katika bakuli mbili zilizo mbalimbali. Hilo huzuia ugomvi, lakini faida yake kubwa zaidi ni ya kiafya, kwa kuwa bakuli moja haiwezi kukuambia ni nani amepoteza hamu ya kula, na kwa mtoto wa mbwa kukosa hamu ya kula ni habari isiyongoja kesho.

Kuhusu chanjo na minyoo sitakawia. Minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, kwa hiyo wote wawili wanahitaji dawa hata kama mmoja tu ndiye mwenye tumbo lililovimba. Chanjo za msingi huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16 au zaidi, na hofu kubwa ya kipindi hiki ni virusi vya parvo, vinavyoleta kutapika na kuhara kukali, ambavyo vikimpata mmoja ni vigumu sana kumwepusha wa pili.

Jambo ninalotaka kulikalia ni matembezi na upweke, kwa sababu hapo ndipo walezi wengi hutafuta njia ya mkato. Ni rahisi kuwafunga wote wawili mikanda na kutoka nao mara moja, na ni chungu kurudi nyumbani ukiwa umechoka, umrudishe mmoja na kumchukua mwingine. Hata hivyo matembezi ya peke yake hayana mbadala. Mbwa anayetembea na nduguye hakutazami wewe, hutazama alipo nduguye, na akikutana na mgeni, baiskeli au mbwa mwingine, husoma jibu katika mwili wa nduguye: huyu akiogopa, yule huogopa, na hofu ya wawili hukua kuliko hofu ya mmoja. Kabla chanjo hazijakamilika mtoto anaweza kubebwa mikononi, akaona watu na kusikia magari bila kukanyaga palipopitwa na mbwa wasiojulikana. Apelekwe leo huyu, kesho yule, na kama nyumbani kuna watu wazima wawili wabadilishane mara kwa mara, la sivyo mtajikuta kila mtu ana mbwa wake na kila mbwa anamtii mtu mmoja tu.

Wengi hudhani kwamba somo katika matembezi hayo ni la yule anayetoka. Kwa maoni yangu lililo gumu zaidi ni la yule anayebaki. Kwake usianze na nusu saa. Mpe kitu cha kutafuna, mtoe nduguye kwa muda mfupi sana, urudi kabla hajaanza kulia, kisha urefushe muda kadiri anavyostahimili. Ukirudi wakati anapiga kelele, umemfundisha kwamba kelele ndizo zinazomrudisha nduguye. Zoezi hili lifanyike kila siku, hata siku ambazo huna safari yoyote, kwa sababu ipo siku mmoja atalazwa kwa matibabu, na ipo siku, baada ya miaka mingi, mmoja atakufa kabla ya mwingine.

Mafunzo nayo, yaani kukaa, kuja akiitwa na kuachia kitu mdomoni, yaanze na mmoja mmoja katika chumba ambacho mwenzake hayumo. Baada ya kila mmoja kuelewa ndipo wafundishwe pamoja. Majina yao yatofautiane kwa sauti tangu silabi ya kwanza. Watu wanapenda kuwapa majina ya mapacha, nami sipingi utani, lakini mbwa asiyejua kama ameitwa yeye au nduguye hujifunza upesi kutoitika kabisa. Kuhusu haja, watolewe nje kila waamkapo, walapo na wamalizapo kucheza, kila mmoja kwa zamu yake inapowezekana, maana ukikuta kidimbwi sakafuni hutajua ni cha nani.

Je, wasicheze pamoja? Wacheze, na kila siku. Mchezo mzuri hubadilishana zamu: anayefukuza hugeuka kufukuzwa, aliye chini huja juu, na katikati kuna vituo vifupi. Ukitilia shaka, mshike kwa upole yule aliye juu kwa muda mfupi. Kama aliyekuwa chini atarudi mwenyewe kuchokoza, waache waendelee. Kama ataondoka, mchezo umegeuka mateso na wote wapumzishwe. Kumbukeni pia kwamba mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku, na wawili huamshana. Ukali mwingi wa jioni unaodhaniwa kuwa tabia mbaya ni usingizi uliokosekana tu.

Tatizo zito zaidi huchelewa. Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu mbwa hukomaa kitabia, na ndugu waliocheza kwa amani huanza kugombania mlango, kitanda, mfupa au umakini wa mlezi. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini katika mbwa wanaoishi nyumba moja mapigano makali hutokea mara nyingi zaidi kati ya majike mawili kuliko msemo huo unavyotufanya tutarajie. Kwa ujumla jinsia moja huleta hatari zaidi ya ugomvi, na jinsia mbili huleta hatari nyingine. Jike huanza kuingia kwenye joto, yaani kipindi cha kupandwa na kushika mimba, kwa kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 12, mapema zaidi kwa aina ndogo, na dume hatazuiwa na undugu. Watoto wa ndugu hao hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya kurithi. Kwa hiyo wenye dume na jike wazungumze na daktari kuhusu kuhasi na kufunga kizazi mapema kabisa, kabla joto la kwanza halijawashtukiza.

Mwisho, kuna jozi ambazo hazipatani hata kwa malezi bora. Mapigano yanayoacha majeraha na kujirudia si ya kungojwa yapite yenyewe. Watenganishwe kwa milango, daktari achunguze kama mmoja ana maumivu yaliyofichika, na mtaalamu wa tabia za wanyama aitwe. Ikiwa baada ya hayo mmoja bado anaishi kwa woga, kumtafutia nyumba nyingine ni uamuzi halali wa malezi. Ninachoomba ni kwamba asichaguliwe kwa hasira. Watu huharakisha kumwondoa yule anayeruka kwanza, kumbe mara nyingi kabla ya hapo mwingine alikuwa amemkazia macho na kumzibia njia kimyakimya kwa muda mrefu, na huyo ndiye angebaki na tabia yake hata aletewe mwenzake mpya. Tazameni kwa siku kadhaa nani humzuia nani, kisha amueni kwa kuangalia ni yupi atakayefanikiwa akiwa mbwa pekee katika nyumba ya watu wengine.